Maili Kumi na Tano Zilizopotea

Mume wangu Mfaume alikuwa fundi wa magari pale Kanyenye, mjini Tabora, kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo sikumsikia akitaja majini bila kucheka. Gari likikataa kuwaka, wenzake walikuwa tayari kunyunyizia boneti maji ya kombe. Yeye alifungua plagi. Nayasema haya mapema kwa sababu watu wamenichosha. Kila nikikaa kwenye shughuli atatokea mmoja, tena hakuwa hata amezaliwa wakati ule, aanze kueleza jinsi wapagazi wa kale walivyomchukua mdogo wangu Twalibu. Wanasimulia mpaka wali unapoa. Waulize difu ni kitu gani, hawajui. Mimi najua. Niliyahesabu meno yake kwa chaki, mimi Mwanamkuu, na mikono yangu ilinuka grisi siku tatu.

Mfaume alijifunza kazi kwenye karakana ya reli, akatoka huko na vitu viwili: ovaroli ya buluu na kiburi. Kiburi chake kilikuwa masikioni. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini akauegemeza sikioni, akafumba macho, kisha akakuambia valvu ya tatu imelegea. Mteja akibisha, alimfungulia kifuniko amwonyeshe, halafu akamlazia gari siku nzima kwa kumwadhibu. Nyumbani vilevile. Nikibandika maharage alisikia kwenye mchemko kwamba nimezidisha maji. Nilimpenda, lakini kuna siku nilitamani apate homa ya masikio.

Babu yake alikuwa kirangozi, yule anayetangulia mbele ya msafara na kupanga mwendo wa wapagazi wote. Watu wa Tabora hawasahau mambo hayo. Wakimtania walimwita Kirangozi, naye aliitika kwa raha kuliko alivyotaka tujue.

Mwaka wa sabini na nne watu waliokuwa wametawanyika mbali ng'ambo ya Sikonge walihamishiwa kijiji kipya cha Isunuka. Walipakiwa kwenye malori na vihenge vyao na kuku wao, wakashushwa porini, wakaambiwa wajenge kwa mistari. Wengi walinuna, na si kwa sababu ya mistari peke yake. Barabara ya kwenda Isunuka imepita juu ya njia ya zamani ya misafara, na katikati ya pori hilo kuna mahali ambapo wapagazi wa msafara mmoja walikufa kwa ndui, wote, mizigo ikabaki imepangwa. Ndivyo wazee walivyosema. Kila apitaye pale huokota kijiti na kukitupa kwenye chungu ya vijiti iliyo kando ya njia, kisha huenda zake bila kugeuka. Chungu hiyo nimeiona. Ilinifika kifuani.

Kijiji kilipewa zahanati, na zahanati ikapewa Landrova ya zamani, na dereva wake akawa Twalibu, mdogo wangu wa mwisho. Nilifurahi mpaka nikapika pilau. Baba yetu alikufa kwenye lori lililopinduka karibu na Puge, na mama, siku alizokuwa anaumwa ugonjwa wake wa mwisho, alimshikisha Twalibu msahafu akamwapisha kwamba mshale wa spidi hautapita hamsini mikononi mwake. Twalibu aliapa. Alikuwa mtu wa namna hiyo, mpole, wa kushika neno. Nilijua hatakufa kwa gari.

Tabu ni kwamba hiyo hamsini yenyewe Landrova haikuifikia. Arobaini tu, ilitetemeka na kutoa moshi mweusi. Masika ya mwaka ule wajawazito wawili walifia njiani wakiletwa hospitali ya mjini. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Hilari, akaja Kanyenye na gari, kofia mkononi.

"Fundi, lifanye likimbie," alisema. "Mimi nimechoka kwenda kuwaambia waume za watu."

Mfaume alilifanyia kazi siku nne. Alisafisha kabureta, akapima mianya ya valvu, akarudisha taimingi mahali pake kwa sikio, akasugua plagi, akapunguza petroli mpaka zikashika rangi ya kahawia inayotakiwa. Tukalijaribu kwenye barabara ya Sikonge. Likafika hamsini, lakini injini ilipiga kelele ya kuomba msamaha.

"Hapa imefika mwisho wa pumzi," aliniambia. "Nguvu ipo, lakini inakwisha kwa kuzunguka. Ni kama unapoendesha baiskeli yenye gia ndogo mbele. Unachapa miguu mpaka unaona aibu, na mwenzako mwenye gia kubwa anakupita huku amekaa kimya."

"Basi litie gia kubwa."

"Nikitia kubwa mno, injini haitaiweza. Litakuwa zito, na litakimbia pungufu ya hapa. Inatakiwa ile ambayo pumzi yake inaitosha."

Aliipata. Wataalamu wa tumbaku walikuwa na gari jipya la ukoo uleule ambalo lilipinduka kwenye pori la Isunuka, hatua chache kutoka ile chungu ya vijiti, na mabaki yake yaliuzwa Tabora. Mfaume alinunua difu, lile fungu la meno ya chuma kwenye ekseli linalopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Tukakaa uani, yeye anazungusha, mimi natia alama ya chaki kwenye kila jino. Difu ya zamani ilikuwa na meno arobaini na saba kwenye gurudumu lake kubwa la ndani na kumi kwenye dogo. Hii mpya, arobaini na sita kwa kumi na matatu. Maana yake, injini ikizunguka vilevile kama zamani, magurudumu yanazunguka zaidi, kwa theluthi nzima. Alipata difu moja tu, ya nyuma, kwa hiyo aliondoa shafti ya mbele ili gari livute kwa nyuma peke yake.

Alipokuwa anakaza boliti za mwisho akaanza kucheka peke yake.

"Unajua saa ya spidi inapata wapi habari zake?" aliniuliza. "Kwenye gia boksi, kabla ya difu. Haijui kama nimebadilisha kitu. Itasema arobaini na tano, na gari liko sitini. Itasema hamsini, liko sitini na sita."

"Utamwambia Twalibu."

"Nitamwambia. Kwani nitamficha?"

Twalibu alikuja Jumanne na haraka zake, mgonjwa anamsubiri kijijini, na Mfaume alikuwa msikitini. Akachukua ufunguo akaondoka. Huo ndio mwanzo wote. Ningeweza kumkimbilia barabarani, nilikuwa pale, lakini mikono yangu ilikuwa kwenye unga.

Alirudi jioni ile na mwanamke aitwaye Tekla aliyekuwa na uchungu siku mbili, na Tekla akajifungua salama nusu saa baada ya kuvuka mlango wa hospitali. Twalibu akaja kwetu, akasimama mlangoni hata shikamoo hakunipa.

"Dada, sijapita arobaini na tano," alisema. "Naapa. Nimeutazama mshale njia nzima. Lakini nimefika kabla ya muda wa kufika."

Mfaume alifungua mdomo amweleze. Nilimwona. Lakini nyuma ya Twalibu walikuwa wamesimama mume wa Tekla na wazee wawili waliomsindikiza, na mmoja wao alivua kofia akamwambia mume wangu kwamba Isunuka yote inajua sasa: wapagazi wameridhika, wamelibeba gari, kwa sababu mjukuu wa kirangozi amewaomba. Mfaume akafunga mdomo. Nilitazama uso wake ukijaa kama uso wa mtoto aliyevalishwa nguo za Idi.

Walipoondoka nikamwambia, "Wewe bwana, mwite mdogo wangu umweleze."

"Nikimwambia, kesho ataendesha mshale ukiwa thelathini na saba, maana ndiyo hamsini ya kweli, kwa ajili ya kiapo cha mama yenu," alisema. "Unataka nimwambie mwenyekiti kwamba wanawake wafe ili mshale useme kweli?"

Nikaenda kufunga mlango. Na nitasema jambo jingine ambalo silisemi kwenye shughuli: wiki ile sokoni walinipisha kwenye foleni ya sukari. Mke wa Kirangozi, apite. Nikapita. Kwa hiyo tulinyamaza wawili, si mmoja.

Miezi miwili ya kwanza gari lilileta wagonjwa kumi na tisa, na wote walifika hai. Kila Ijumaa Mfaume alisema atamwambia Ijumaa ijayo. Twalibu naye alianza kupungua. Kwanza nilidhani ni homa. Alikaa jikoni kwangu kikombe cha chai kikipoa, akitazama moto, na alipozungumza, alizungumza polepole.

"Likiondoka ni zito, dada. Zamani halikuwa hivyo. Sasa nikiachia klachi linavuta kwa shida, kama kuna watu wanapanda nyuma, mmoja mmoja. Likishika mwendo linakuwa jepesi. Kama wameshuka wanasukuma."

Kuondoka kuzito kulikuwa ni ile gia kubwa, ambayo mafundi huiita ndefu. Mfaume alikwisha kunieleza. Nilijua, nikakoroga chai.

"Na sauti," alisema. "Injini inanguruma ya arobaini na tano, ileile ninayoijua. Lakini miti haipiti ya arobaini na tano. Miti inakimbia. Masikio yangu yako kwenye gari moja na macho yangu yako kwenye gari jingine. Kuna mwendo wangu na kuna mwendo wao. Kwenye kile kijibarabara chenye vijituta, kilichokuwa kinanitikisa meno, siku hizi silisikii gurudumu likigusa chini. Linaelea."

"Umechoka, Twalibu."

"Nawasalimu. Nikikaribia vijiti nateremsha kioo nasema mwangaluka. Ni adabu tu. Wao ndio wenye njia."

"Wanaitika?"

Nilikusudia mzaha. Yeye hakucheka, akasema, "Upepo ukiwa mkali huwezi kujua."

Lakini lililonivunja lilikuwa la maili. Siku hiyo alikuja mchana, jua limesimama, akachora kwa kidole kwenye majivu ya jiko. Kutoka Isunuka mpaka Tabora ni maili sitini. Ameiendesha njia hiyo mara nyingi, ni sitini. Sasa namba za kwenye saa zinaonyesha arobaini na tano. Kila safari, arobaini na tano.

"Maili kumi na tano zimekwenda wapi, dada? Kwenda kumi na tano, kurudi kumi na tano. Njia haiwezi kupungua. Kwa hiyo kuna mtu anazitembea badala yangu." Akafuta majivu kwa kiganja. "Na mtu akikutembelea njia yako, anakata wapi? Nimefikiri sana. Nadhani zinakatwa kwenye umri wangu."

Nilitaka kulia. Nikaacha chungu motoni nikaenda gereji, nikamkuta Mfaume chini ya lori, nikamvuta mguu mbele ya wateja wake.

"Toka," nikamwambia. "Toka sasa hivi. Mdogo wangu anahesabu siku zake za kufa kwa sababu ya kiburi chako. Utamwambia leo au nitamwambia mimi, na nitaanzia sokoni."

Alitoka. Nampa haki yake, alitoka na uso umemshuka. Tulikwenda nyumbani, tukamkalisha Twalibu, na Mfaume akamweleza yote, kwa baiskeli, kwa vijiti, kwa chaki kwenye sakafu. Arobaini na saba kwa kumi. Arobaini na sita kwa kumi na tatu. Aliomba radhi, kitu ambacho sikuwahi kukisikia kinywani mwake. Twalibu alisikiliza kwa heshima yote.

"Nimeelewa, shemeji," alisema. "Meno nimeyaelewa. Lakini difu hiyo ilitoka kwenye gari lililopindukia wapi?"

Mfaume aliinamia chaki yake.

"Na nani alikuonyesha gari hilo, katika magari yote ya Tabora?"

"Twalibu, ni chuma," mume wangu alisema. Alikuwa anamsihi. "Ni chuma kitupu."

"Ndiyo, shemeji." Alisema kwa upole, kama unavyomkubalia mgonjwa.

Basi Mfaume akaamua kumwonyesha. Siku ya pili aliitoa difu ndefu, akarudisha ya zamani, nami nikahesabu meno tena kwa sauti, Twalibu amesimama karibu yangu, arobaini na saba, kumi. Nilimshika mkono nikamgusisha kila jino. Mkono wake ulikuwa baridi. Tukapanda wote watatu kwenda Isunuka, saa nne asubuhi, jua kali. Gari liliondoka kwa wepesi. Lilipofika hamsini likaanza kelele zake za zamani, na vijituta vikatutikisa mpaka nikajiuma ulimi. Kwenye vijiti Twalibu alipunguza mwendo, akateremsha kioo, akasalimu. Hapakuwa na upepo wowote. Ndege hawakulia, na mimi mwenyewe, nisiyeamini, nilijikuta nikingojea jibu. Tulipofika Isunuka, namba za kwenye saa zilionyesha maili sitini, bila kupungua hata moja.

"Umeona!" Mfaume akampiga begani, anacheka kwa nguvu, jasho linamtoka. "Sitini! Zimerudi zote! Hakuna aliyekukata kitu!"

Twalibu aliinamisha kichwa juu ya usukani, na mimi nikadhani ni shukrani. Kisha nikaona mabega yake yanapanda na kushuka kwa kilio.

"Wamezirudisha," alisema. "Hawakupanda, dada. Nimeliondoa gari likiwa tupu. Nimewasalimu, wamenyamaza. Wamenibeba miezi yote hii, na leo wamenirudishia mzigo wangu wakaniacha."

Nilisema maneno mengi. Nilimwambia wapagazi ni mavumbi ya miaka mia, nilimwambia yeye ni mjinga, nilimwambia mama angelia. Mfaume alisema atarudisha ile difu ndefu, au ataweka yoyote Twalibu atakayo. Mdogo wangu alitusikiliza, akafuta uso, akasema atatupeleka mjini kisha arudi na dawa za zahanati. Aliendesha vizuri. Alinishusha mlangoni, akanipa mkono wa kuagana, na nikakumbuka kumwambia ale kwanza, na yeye akasema atakula akifika.

Gari lilikutwa siku ya pili kando ya chungu ya vijiti. Breki ya mkono imekazwa, ufunguo uko mahali pake, madawa yamefunikwa turubai vizuri dhidi ya jua. Mshale kwenye sifuri. Mgambo walitafuta siku mbili, wakaita jina lake mpaka sauti zikakauka, kisha Bwana Hilari akamtuma mrina asali mmoja, Lugembe, mtu ambaye alisemekana anaweza kufuata nyuki kwa macho. Mimi na Mfaume tulimngojea palepale kwenye barabara, mimi nimekaa chini, yeye amesimama. Hakuna aliyemgusa mwenziwe.

Lugembe alirudi siku ya tatu ya msako, alasiri. Alikuwa amebeba viatu vya Twalibu. Alisema alivikuta kwenye njia ya zamani, ndani kabisa ya pori, vimewekwa pamoja, soksi zimekunjwa ndani, kama mtu anayeingia msikitini.

"Mpaka hapo nyayo zake ni rahisi," alisema. "Zinakwenda moja kwa moja, hazikimbii, hazipepesuki. Kuanzia hapo ni nyayo za watu wengi wasio na viatu, mama. Mmoja nyuma ya mwenziwe. Zipi ni za ndugu yako sikuweza kujua. Nilizifuata mpaka kwenye mawe, zikapotea."

"Warina asali," mume wangu alisema. "Watakuwa warina asali wenzako."

Lugembe hakumbishia. Aliniwekea viatu mapajani, akachukua kijiti akakitupa kwenye chungu, akaanza kuondoka.

"Lugembe," Mfaume alimwita. Sauti yake sikuijua. "Walikuwa wanakwenda mwendo gani?"

Yule mtu alifikiri kidogo.

"Taratibu, fundi," alisema. "Kama watu wenye mizigo."

Hapo Mfaume alikaa chini katikati ya barabara, akaziba masikio yake kwa mikono miwili, akalia kwa sauti. Mimi sikumbembeleza.